Ubuyu, mabungo na mkongo: kuotesha mimea ya asili ya Pwani nyumbani Dar

Ubuyu wa rangi hauoti. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wengi wanaotaka kuotesha mbuyu nyumbani huanzia hapo: wanamung'unya ubuyu, wanabaki na kokwa mkononi, wanazifukia kwenye kopo, wanamwagilia mwezi mzima na hakuna kinachotokeza. Ule ubuyu umepikwa na sukari na rangi, na kilichokuwa hai ndani ya mbegu kimekufa jikoni. Ukitaka mbuyu, nunua sokoni ubuyu mweupe ambao haujapita motoni, au pata buyu zima ulivunje mwenyewe. Hapo una mbegu iliyo hai.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye kibaraza, uchochoro wa nyuma ya nyumba au kiwanja kidogo hapa Dar es Salaam, anayetaka bustani ya mimea ya hapa hapa. Mingi tunayodhani ni yetu ilikuja kwa wageni. Mwarobaini na mashoki ni vya Bara Hindi na maeneo ya jirani yake, mkrismasi unaowaka wekundu Desemba kwao ni Madagaska, na bogenvilia ilitoka Amerika Kusini. Sina ugomvi nayo. Lakini Pwani ina mimea yake, na baadhi yake haipatikani popote duniani isipokuwa kwenye misitu hii ya ukanda wa Afrika Mashariki, kama Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe. Misitu hiyo inaliwa na mkaa na mashamba mwaka hadi mwaka, na inaniuma kila nipitapo huko. Kwenye bustani za barabarani miche hiyo ni adimu, kwa hiyo njia ya uhakika ya kuwa nayo ni kuiotesha mwenyewe kutoka mbegu.

Isome mbegu kwanza

Kabla hujagusa udongo, jiulize mbegu hii iliondokaje kwa mama yake. Jibu lake ndilo litakalokuambia la kufanya.

Iliyotoka ndani ya nyama yenye majimaji, kama ya bungo, imeumbwa imee mara moja. Ukiianika juani umeiua. Iliyotoka kwenye ganda kavu ikiwa ngumu kama kokoto, kama ya mbuyu, mkwaju, mkongo au msandarusi, imeumbwa ingoje: ingoje tumbo la mnyama, ingoje moto wa porini, ingoje mvua ya pili au ya tatu. Hiyo unaweza kuiweka miezi, lakini siku ya kuipanda lazima uifungulie mlango, la sivyo itakaa kwenye kiriba chako, ule mfuko wa kuoteshea miche, kama jiwe. Na ile nyepesi yenye bawa au nywele, kama ya mtalawanda, iliumbwa ipeperuke ianguke juu ya ardhi. Ukiizika chini sana haitafika juani.

Nimeona watu wakizitendea zote sawa, loweka usiku mmoja, fukia, mwagilia, halafu wanasema mimea ya asili ni migumu. Si migumu. Kila moja ina mlango wake.

Mahali pa kupata mbegu

Anzia sokoni: ubuyu mweupe, ukwaju mkavu, na mabungo msimu wake ukifika. Kisha angalia miti mikubwa iliyobaki kwenye viwanja vya shule, pembezoni mwa barabara na makaburini. Makaburi ya zamani ya Pwani yametunza mibuyu na mikwaju ambayo kwingineko ilishakatwa. Bisha hodi, omba ruhusa, okota zilizoanguka. Ndani ya msitu wa hifadhi usiokote chochote bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Wakala huo huo una kituo cha mbegu za miti Morogoro, na kwa mpingo au mkongo wa kutosha huko ndiko pa kuulizia.

Changanya mbegu za miti kadhaa ya aina moja kama unaweza. Mti mmoja ukiwa na udhaifu, watoto wake wengi wanaweza kuurithi. Mbegu kavu zitunze kwenye bahasha ya karatasi mahali penye hewa, uandike jina na tarehe. Mfuko wa plastiki kwenye joto letu huzivundisha.

Watu hupima mbegu kwa kuzitia majini na kutupa zinazoelea. Kwa nyingi kipimo hiki kinasaidia. Usikitumie kwa mtondoo, ule mti wa ufukweni wenye majani mazito yanayong'aa: tunda lake limeumbwa lielee, ndivyo linavyosafiri baharini kutoka pwani moja hadi nyingine.

Udongo na vyombo

Kwa kusia, tumia mchanga wa mto uliosuuzwa na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Samadi mbichi pia huunguza mizizi michanga. Ngoja ioze mpaka isinuke tena na iwe nyeusi ya kumung'unyika kama kahawa iliyosagwa. Kama mboji yako ina historia ya magonjwa, imwagie maji yanayochemka, uiache ipoe na kuchuja hadi kesho yake.

Viriba bado vinauzwa kwenye maduka ya pembejeo, maana marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 haikugusa vifungashio vya kilimo. Kwa miti ya hapa chagua viriba virefu kuliko vipana. Mkongo, mbuyu na mpingo huanza kwa kupeleka chini mzizi mkuu kabla hujaona mengi juu. Kwenye kopo fupi mzizi huo hujikunja, na mti uliojikunja mzizi utotoni hausimami vizuri ukubwani. Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa shingo na kutobolewa matundu matano chini inatosha sana, ila ifunge kwa gazeti au kitambaa, kwa sababu mizizi haipendi mwanga na chupa isiyofunikwa huota mwani wa kijani ndani.

Mkongo, hatua kwa hatua

Nauchukua mkongo kama mfano mkuu kwa sababu ukiuweza huu umeziweza zote za ganda gumu. Wengine Pwani wanauita mbambakofi, na mbao zake zimo kwenye milango mingi ya kale ya nakshi ya mwambao. Mbegu yake ni nyeusi, inang'aa kama kiatu kipya, ukubwa wa pingili ya kidole, na upande mmoja imevaa kikofia cha rangi ya chungwa lililoiva.

Kwanza ondoa kikofia. Iloweke saa chache kilainike, kibandue kwa ukucha. Ukikiacha, panya watafukua mbegu zako usiku huo huo, maana kile ndicho chakula walichoahidiwa na mti.

Pili, ikwaruze. Shika mbegu uisugue kwenye sakafu ya saruji au kwa msasa, upande ulio mbali na pale palipokuwa na kikofia. Kiini cha mmea kimelala upande wa kikofia, hapo usipaguse. Sugua mpaka weusi uishe na uone kidoa cheupe cha manjano kama ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kisha acha. Zaidi ya hapo unaingia kwenye nyama.

Tatu, iloweke usiku kucha kwenye maji ya kawaida. Asubuhi utaona tofauti kwa macho: zilizopokea maji zimevimba na ganda limekosa mng'ao. Zilizobaki vilevile hazijafunguka, zirudishe kwenye msasa. Usizitupe, ni nzima kabisa.

Nne, ipande ikiwa wima, upande wa kikofia ukitazama chini, na kichwa chake kifunikwe na udongo kidogo tu. Hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Kisarawe aliyenikuta nimezilaza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akachuchumaa, akachukua mbegu moja akaisimamisha kwenye kiganja chake. "Mwanangu, mguu wake utatokea hapa kwenye kofia. Ukimlaza, itabidi kwanza ajipinde atafute chini ni wapi, na zile ni nguvu za siku nzima." Nimezipanda wima tangu siku hiyo, na miche hutoka na shina lililonyooka.

Baada ya wiki mbili hadi nne shina nene litainua majani mawili ya kwanza, mazito kama vipande vya muhogo, mara nyingine bado yamevaa ganda jeusi. Usilivute ganda hilo. Lilowanishe asubuhi na jioni, litadondoka lenyewe.

Zingine za ganda gumu

Mbuyu: kwaruza kama mkongo, au chemsha maji, epua, mimina juu ya mbegu, uziache humo zipoe mpaka kesho yake. Nakuambia mapema usishtuke: mche wa mbuyu hutoa jani zima moja moja, si yale majani ya vidole ya mti mkubwa. Wengi huung'oa wakidhani ni gugu. Kwenye kiwanja kidogo usiupande ardhini karibu na msingi. Unaweza kukaa kwenye chungu miaka mingi ukiwa na shina nono la kupendeza.

Mkwaju ni rahisi kuliko yote. Kokwa za ukwaju mkavu usiopikwa, mkwaruzo mdogo, maji usiku mmoja, na baada ya wiki moja au mbili umeota. Msandarusi vilevile, ukipata mbegu. Utomvu wa mti huu, sandarusi, ulikuwa bidhaa kubwa ya Pwani katika karne ya 19, na Wazaramo waliuchimba ardhini uende kutengenezwa vanishi ng'ambo. Leo mtoto wa Dar anaweza kumaliza shule bila kuuona mti wenyewe, na hiyo ndiyo sababu mimi nina mitatu.

Mpingo hauna ganda gumu. Ganda lake ni jembamba kama karatasi. Livunje, toa mbegu, loweka usiku mmoja, kusia, baada ya wiki moja hadi tatu unaona. Ni wa polepole sana na una miiba, kwa hiyo usiuweke njiani pa watoto. Watu wa vinyago wanaujua kuliko mimi. Mninga nakushauri usianze nao: miche yake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini kwa miaka kadhaa, na anayeanza atakata tamaa.

Mtondoo una ganda la duara kama gololi kubwa. Libane taratibu kwa koleo au nyundo lipasuke bila kuponda cha ndani. Ukilitoa lote mbegu humea baada ya wiki tatu hivi. Ukiliacha, subiri karibu miezi miwili. Kwa wenzangu wa Kigamboni na Mbezi Beach huu ndio mti wenu, hauogopi upepo wa chumvi.

Mabungo

Kila mtu Dar anaijua juisi ya mabungo, wachache wanaujua mbungo wenyewe: mmea utambaao, wenye majani ya kung'aa na maua meupe yanayonukia kama asumini. Ni wa misitu yetu ya Pwani, na ukiupatia nguzo imara utafunika banda zima la kupumzikia.

Mara ya kwanza nilipotaka mbegu nilikwenda Buguruni nikachagua mabungo kumi yaliyoiva, ya rangi ya chungwa na laini kidogo ukiyabonyeza. Muuzaji akaniona nachagua kwa muda mrefu. "Dada, haya ya kunywa au ya kupanda?" Nikamwambia ya kupanda. Akayarudisha manne niliyochukua, akaniambia yalivunwa mabichi yakaivia kwenye gunia. Alikuwa sahihi, nimewahi kuzijaribu za namna hiyo baadaye na zilioza karibu zote.

Usitumie blenda, inakata mbegu. Pasua bungo, toa tembe za njano, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, uzisugue na mchanga kidogo mpaka nyuzi ziachie. Juisi unywe. Mbegu zipande siku hiyo hiyo. Zikilala kabatini wiki mbili, umechelewa. Zilaze kina cha unene wake mara mbili, kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Mche ukifikia shubiri mpe kijiti cha kupandia, kwani usipompa atashika jirani yake na kuwatenganisha ni kazi.

Za bawa na nywele

Mtalawanda wenye maua ya njano hufaa sana bustani ndogo. Mbegu zake ni kama vipande vya karatasi ya kufungia sigara. Zitawanye juu ya mchanga laini, zifunike kwa mchanga mwepesi ambao bado unaziona chini yake, na umwagilie kwa kunyunyiza, la sivyo utazisomba zote kwenye kona moja.

Adeniamu, yule wa shina nono na maua ya waridi, naye ni wa nchi kavu za upande huu wa Afrika. Tunda lake ni kama pembe mbili. Lifunge uzi mapema, kabla halijapasuka, maana likipasuka mchana wenye upepo mbegu zote zitakuwa kwa jirani. Zikiwa mpya humea ndani ya wiki kwenye mchanga mtupu wenye mboji kidogo. Utomvu wake ni sumu, uliwahi kutiwa kwenye mishale. Nawa mikono na uweke mbali na watoto na mbuzi.

Maji, na hasara yangu

Mwaka mmoja maji ya bomba yalikatika kwetu wiki tatu. Nikanunua ya kisima kwa madumu, kwa mkokoteni uliopita mtaani, na nikamwagilia kitalu bila kuonja. Siku ya sita ncha za majani ya mkongo ziligeuka kahawia, kama zimeunguzwa na pasi. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji yale yale. Miche 31 ilikufa, na mitano niliyoiponya ni ile niliyoisuuza udongo wake kwa maji ya mvua. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Onja. Angalia kama sabuni inakataa kutoa povu, au kama ndoo inabaki na utando mweupe ikikauka. Kinga mvua kwenye pipa. Na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, kama unacho au jirani anacho, hayana chumvi hata chembe.

Mwagilia asubuhi. Udongo uliolala umetota ndio unaoleta kinyausi: unaamka unakuta mche umelala chini, shina limesinyaa pale linapokutana na udongo kama limefungwa uzi. Huo hauponi. Utoe pamoja na udongo wake, achanisha iliyobaki ipate hewa, punguza maji siku mbili.

Wadudu wa kweli wa kitalu cha Dar ni konokono wale wakubwa. Wakati wa masika hula mche mzima kwa usiku mmoja, na hakuna dawa niliyoiona ikishinda kutoka na tochi saa tatu usiku ukawaokota kwenye ndoo. Kuku wazuie kwa chandarua kikuukuu juu ya fito nne, ambacho pia kinatoa kivuli kizuri cha wiki za mwanzo. Makuti yanafaa vilevile, ila yasisongamane.

Lini kusia, lini kupanda

Lengo ni mche uwe tayari masika yanapoanza, Machi. Mkongo, mkwaju na mtondoo visie Oktoba au Novemba. Mpingo na mtalawanda uanze nao Agosti. Ukikosa, lenga vuli ya Oktoba hadi Desemba, ila ujue joto la Januari na Februari linafuata nyuma yake na utabeba ndoo.

Wiki nne kabla ya kupanda, punguza kivuli kidogo kidogo na uache udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena, ili mche uzoee jua. Inua viriba kila wiki kukata mizizi inayotaka kuingia ardhini. Mvua ya kwanza isikudanganye. Ngoja udongo ulowe kina cha kiganja. Chimba shimo la futi moja na nusu, changanya udongo wa juu na mboji, pasua kiriba kwa wembe bila kuvunja bonge la udongo, panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, tandaza majani makavu bila kugusa shina.

Kisha utaona jambo litakalokutisha. Kiangazi cha kwanza, kati ya Julai na Septemba, mkongo wako unaweza kupukutisha majani yote ukabaki kijiti. Usiung'oe, wala usiumiminie maji kwa hofu. Kwaruza gome kwa ukucha, mahali padogo tu karibu na chini. Pakiwa kijani, uache, upe ndoo moja kwa wiki, na usubiri vuli.